Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Aliyefuta Magazeti

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

Nakupongeza kwa kusitisha ununuzi wa magazeti ofisini. Juzi nilifika mapokezi, nikakuta palipokuwa na meza ya magazeti pana chungu cha maua ya plastiki. Kijana wako akanituliza: "Mzee, habari zote siku hizi ziko mtandaoni." Basi nikanunua bando la mia tano, nikaketi kwenye benchi lako kuutafuta mtaro wetu.

Mtaro ule, Mheshimiwa, uliahidi mwenyewe kuwa utakamilika kabla ya masika. Habari hiyo ilikuwa kwenye tovuti yako, na picha yako umevaa kofia ya mafundi. Sasa kila nikibonyeza naambiwa ukurasa haupatikani. Masika yamekuja, mtaro haujaja. Hapo ndipo nilipoielewa teknolojia: sisi wa bondeni tunahitaji mafuriko ili tusombwe, ahadi yako imesombwa kwa kidole kimoja.

Kikaoni ulitutolea mfano wa The Independent la Uingereza, lililoachana na karatasi mwaka 2016. Mfano mzuri. Mimi mkaidi nikawa nawaza Msimulizi, lililochapwa Zanzibar na wamisionari wa UMCA tangu 1888, na Mambo Leo la serikali ya mkoloni, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Maskini mkoloni, hakuwa na mshauri kama wako. Aliyojisifia humo bado yamo maktabani, neno kwa neno, na hana wa kumfutia.

Sikatai, gazeti hukuletea leo ya jana. Na sisi tunaosoma vichwa vya habari kwa muuzaji, mikono nyuma, kisha tukaondoka bila kununua, tumesaidia kuliua. Hilo nalibeba.

Ila jana asubuhi mama wa maandazi alinifungia manne kwenye kipande cha gazeti la zamani. Sijamaliza la pili, nakuona unanitazama: kofia ileile, maandishi makubwa, na tarehe ya kukamilika kwa mtaro. Nimekutunzia. Mafuta yameingia kidogo, hasa usoni kwako, lakini tarehe inasomeka vizuri. Nikuletee ofisini, au nikiache pale kwenye maua?

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bondeni