Kioo Chenye Homa

Magari yetu mengi hushuka bandarini Dar es Salaam yakiwa na tabia za kwao Japani. Ukiwasha injini, kuna dada ndani ya dashibodi anayekuuliza, kwa Kijapani cha adabu, iko wapi kadi ya kulipia barabara. Huyo tumemzoea. Lakini gari lililotoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye theluji kwelikweli, huja pia na kitu ambacho muuzaji hakitaji: vioo vya pembeni vinavyopata joto.

Alama ya swichi yake ni kisanduku chenye mistari mitatu inayopanda kwa kujipinda. Hapa Njombe nimeisikia ikielezwa kuwa ya kupashia chapati, na jirani yangu mmoja, mwalimu tena, anashikilia kwamba hufukuza mbu. Ukweli ni kwamba kwenye magari mengi swichi hiyohiyo hupasha kioo kikubwa cha nyuma na vile vya pembeni kwa pamoja. Mgongoni mwa kila kioo kimebandikwa kibati chembamba cha umeme. Ukungu wa mwezi wa saba unakauka, nawe unaliona lori la mbao kabla halijakupigia honi kisogoni.

Shemeji yangu wa Dar hakuamini. Alikuja na gari lake tukapanda naye Makete, akalilaza nje. Asubuhi sakitu ilikuwa nyeupe kwenye majani, na vioo vimeota barafu. Nikamwambia, "Shemeji, washa injini, bonyeza kile kisanduku, kisha unywe chai yako taratibu."

"Shemeji, kwa nini nisubiri na maji moto yapo?"

Akaimimina chupa nzima ya chai, ile ya rangi, kwenye kioo cha kushoto. Kikalia *tak!* Kioo kilichoganda hakipendi kutanuka upande mmoja tu. Ufa ukapita kutoka kona hadi kona, na kuanzia hapo shemeji akawa anafuatwa na malori mawili kila lilipomfuata moja.

Kwa kioo cha kulia akakubali swichi. Ila aliibonyeza injini ikiwa imezimwa, taa zikiwaka, redio ikitangaza mpira, akakaa kusubiri. Vioo vya pembeni havili umeme mwingi. Mlaji mkubwa ni kile cha nyuma. Magari mengine huizima swichi hiyo yenyewe baada ya muda. Lake halikuwa na huruma hiyo, na betri ilikuwa ya uzeeni. Alipotoka kukishika kioo alifurahi mno: "Kina homa!" Aliporudi kuwasha gari, lilitoa kikohozi kimoja tu. Kijiji kizima kikajitokeza kusukuma. Nikawaeleza kwamba ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. Wakalisukuma hata hivyo, hadi kilabuni, ambako alipatikana mwenye nyaya za kubusti.

Njiani tukagundua balaa jingine. Kioo cha nje ni safi, kinang'aa, lakini unakitazama kupitia dirisha la mlango, na dirisha limejaa pumzi ya watu watano na kuku. Homa ya kioo haifiki huko. Dawa ni kuwasha AC pamoja na hewa ya moto, kwa sababu AC hunyonya unyevu. Jaribu kumweleza hayo mama mkwe aliyejifunga mablanketi mawili.

"AC? Kwenye baridi hii? Mwanangu, mmenichoka?"

Akaamua kupangusa mwenyewe kwa ncha ya kitenge, kila kona. Kila alipoinama mbele ya dereva tuliendesha kwa imani tu.

Shemeji aliporudi Dar alikwenda gereji kubadilisha kioo kilichopasuka. Fundi akakata kioo cha kawaida, akakibandika vizuri, kikakaa. Nyuma yake zikabaki nyaya mbili zinaning'inia bila mwenyewe. Nikampigia shemeji simu: kioo cha joto kina miguu miwili ya kuchomekea nyaya hizo, akidai spea adai yenye miguu, na kama hataki, basi zifungwe tepu, zisije zikagusana zikaunguza fyuzi. Akampa fundi simu.

"Bosi," fundi akasema, "Dar hii kioo kinapata joto bure kuanzia saa mbili asubuhi. Hizo nyaya nimuunganishie feni?"