Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Jedwali la Kwanza

Minneapolis, Minnesota
Machi 2025

Kwa Mkuu,
Idara ya Kupambana na Dawa za Kulevya ya Marekani (DEA),
Arlington, Virginia.

YAH: OMBI LA KUTOBADILISHA CHOCHOTE

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nasikia kuna watu wanawasumbua. Wanataka bangi itolewe kwenye Jedwali la Kwanza, orodha yenu kali kuliko zote, ilikokaa na heroini tangu sheria ya 1970, eti nayo ni dawa. Miongoni mwao wamo wazazi wa watoto wenye usonji mkali, wale wanaojigonga kichwa ukutani hadi wavikwe kofia ngumu hata wakiwa mezani. Nawasihi msiwasikilize. Mtu aliyekesha miaka kumi atakuwa na la maana gani la kusema?

Ninachowapendea ni msimamo. Mwaka 1988 jaji wenu wenyewe, Francis Young, alisikiliza mashahidi wa pande zote kisha akashauri mmea huu ushushwe hadi Jedwali la Pili. Mwaka uliofuata mkuu wa wakati huo akamkatalia. Sawa kabisa. Jaji kazi yake ni kusikiliza. Nani alisema naye asikilizwe?

Hilo Jedwali la Pili, kwa wasiolijua, ndimo zilimo kokeini, fentanili na methamfetamini. Methamfetamini hiyohiyo ina kibali cha kuandikiwa mtoto wa miaka sita asiyetulia darasani: vidonge, famasi, risiti. Sina neno. Nashangaa tu wazazi wa watoto wanaojing'ata mikono hadi damu wanavyokosa subira.

Pia mmelifumbua vizuri fumbo lililowashinda wengi. Mmea mzima, mnasema, hauna matumizi ya tiba yanayokubalika. Lakini THC iliyotengenezwa maabara ikitiwa kwenye kapsuli ni dawa, tangu 1985. CBD iliyokamuliwa kutoka mmea huohuo ikitiwa kwenye chupa yenye jina la Epidiolex ni dawa ya kifafa kikali cha watoto, tangu 2018, na siku hizi haimo kwenye jedwali lolote. Ndugu zenu wa Wizara ya Afya nao walijipatia hataza namba 6630507 mwaka 2003, inayosema kemikali za bangi zinaweza kulinda ubongo. Ubongo upi, sikuuliza. Na kulikuwa na wagonjwa wachache ambao serikali yenu iliwapelekea makopo ya bati yenye misokoto 300 kila kopo, bangi safi ya shamba la Chuo Kikuu cha Mississippi, wakaendelea kupokea hata baada ya mlango kufungiwa wagonjwa wapya mwaka 1992. Mimi ningeona aibu, lakini mimi si taasisi.

Mnasema ushahidi kuhusu usonji ni haba. Hapo hamkukosea, na tuzo ya uhaba huo mnastahili nyinyi. Tangu 1968 watafiti wa Marekani walikuwa na shamba moja tu la kuchukulia bangi, hilo la Mississippi. Mwaka 2016 mliahidi kuwapa wakulima wengine vibali. Ruhusa za kwanza zikachungulia 2021. Waisraeli hawakuwasubiri. Mwaka huohuo wa 2021 walichapisha jaribio la watoto na vijana 150 wenye usonji, wa miaka 5 hadi 21. Hawakurudi na muujiza, nakiri. Katika kimoja cha vipimo vyao vikuu viwili tofauti haikuonekana. Lakini katika kile cha pili, madaktari walipopima vurugu za tabia kwa ujumla, asilimia 49 ya waliopewa mafuta ya mmea mzima walipata nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 21 ya waliopewa mafuta yasiyo na dawa. Wengine walisinzia, wengine wakakosa hamu ya kula. Jibu la nusunusu namna hiyo linaomba jaribio kubwa zaidi, na ndiyo maana nawaombeni mlizuie.

Tena dawa zipo. Risperidoni ilipata kibali kwa watoto wenye usonji mwaka 2006, nayo hutuliza kweli, nisiidhulumu. Katika jaribio lake kubwa watoto waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki nane. Wavulana wengine huota matiti. Hayo yote yameandikwa kwenye karatasi ya dawa, kwa hiyo ni halali.

Namjua mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, mwenye binti asiyesema. Minnesota iliruhusu usonji utibiwe kwa bangi tangu 2018. Kila jioni anavuta mafuta ya rangi ya chai ya rangi kwa bomba lisilo na sindano, nusu mililita, anayaingiza taratibu ndani ya shavu la mtoto, kisha anaandika kwenye daftari la shule: kalala saa ngapi, kajipiga mara ngapi, ugali kaumaliza au kausukuma. Daktari haruhusiwi kumwandikia dawa, maana iko kwenye jedwali lenu. Anathibitisha ugonjwa tu. Kipimo anakitafuta mama mwenyewe, matone mawili juu, tone moja chini.

Dada yake anakaa Hudson, ng'ambo ya mto St. Croix, nusu saa kwa gari. Huko ni Wisconsin, na mafuta hayo ni kosa. Idi hii ama aiache chupa nyumbani na kukesha ugenini akimshika mtoto mikono, ama aitie mkobani pamoja na kaimati avuke daraja akiwa msafirishaji wa dawa za kulevya baina ya majimbo. Nawaombeni muwe macho darajani. Kaimati zake hunukia iliki. Kwa bibi Mombasa hawaendi kabisa, maana huko nako mafuta hayo ni kosa, na hiyo ni barua nyingine, naiandalia Nairobi.

Agosti 2023 Wizara ya Afya iliwapendekezea muishushe bangi hadi Jedwali la Tatu. Mei 2024 pendekezo likatangazwa. Januari 2025 kikao cha kusikiliza mashahidi kikaahirishwa. Hongereni. Binti huyu ana miaka kumi na miwili sasa. Mkikaza hivyo hivyo atafika utu uzima kabla hamjapanga viti.

Wako katika ujenzi wa taifa (lenu),

Mlipa kodi

Nakala: Mkulima Mkuu, Shamba la Bangi la Serikali, Mississippi. Kwa taarifa, na akipata nafasi atueleze huo mmea anaulimia nini.