Mvua Imesingiziwa: Mama Kitana wa Bigo Anajibu Barua Zenu

Mvua za Agosti zimefungua, matope ya Bigo hapa Bunia yamefika magotini, na barua zenu zinaingia pembe zikiwa zimelowa. Msimu huu hakuna anayeuliza habari za mahari wala za jirani mchawi. Wote mnalia nywele. Nimesoma, nimecheka, na moja imeninyamazisha; hiyo nimeiweka mwisho. Asiyependa kuambiwa ukweli aruke ukurasa, aende kwenye mpira.

*Mama Kitana, mvua zikianza tu nywele zangu za mbele zinakimbia. Paji la uso limeshapanda hadi katikati ya kichwa. Nimepaka mafuta ya nyonyo, avoka, kitunguu saumu, maji ya majani ya mpera. Shangazi anasema ni unyevu wa Bunia, nitafute mji mkavu. Nihamie wapi? — Mwenye Kitambaa, Bigo*

Usihame, mwanangu. Ukihama na msusi wako, upara nao utapanda gari hilohilo.

Kwanza tumtoe mshitakiwa kizimbani. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku tunavuta blanketi; huu si mji wa joto la mvuke. Kama unyevu ungekuwa unang'oa nywele, Kisangani, iliyokaa msituni kando ya mto, isingekuwa na kitana hata kimoja sokoni, na Unguja wangekuwa wanasuka ndevu.

Unachofanya unyevu ni kuchezea umbo la unywele. Unywele hunywa maji ya hewani. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliutumia unywele wa binadamu kutengenezea kipimo cha unyevu: hewa ikijaa maji unywele unarefuka kidogo, kama asilimia 2, na hewa ikikauka unafupika. Kwa nywele zetu za kujisokota jicho linaona kinyume. Umezinyoosha kwa moto asubuhi, manyunyu yamezigusa mchana, zimerudi kwenye msokoto wao, basi unajitazama kwenye kioo na kupiga kelele kwamba zimekatika. Hazikukatika. Zimejikunja.

Tena kila mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, katika kama laki moja alizo nazo. Ukikaa na rasta siku 60, zilizong'oka hazina pa kuangukia, zinanaswa humohumo. Siku ya kufumua unakutana na nywele 3,000 au zaidi kwa mkupuo. Watu wameanza kufunga na kuomba kwa sababu ya hesabu hiyo.

Lakini wewe umesema za mbele peke yake, na hapo hata sikuulizi. Mvua zikianza hutaki kichwa kilowe, kwa hiyo unasuka rasta nyembamba, unaongeza meshi nzito, inakazwa mpaka nyusi zinapanda, kisha unaapa hutafumua mpaka Noeli. Usiku wa kwanza unalala umekaa. Siku ya pili vipele vyeupe vimepanga mstari kwenye paji la uso, nawe unameza paracetamol. Kila shina la unywele linavutwa mchana na usiku kwa miezi minne, halafu anayelaumiwa ni mawingu! Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwachunguza wanawake wa Afrika Kusini wakakuta karibu mmoja kati ya watatu ana upara huu wa kuvutwa. Walioumia zaidi ni wale waliosuka au kuunganisha meshi juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa kwa dawa.

Basi fumua. Zipumzishe. Ukisuka tena, suka kubwa na legevu, na msusi akikuambia "vumilia, itazoea", lipa ulichokwisha kusukwa, chukua kitambaa chako, utoke. Kusuka kunakouma kumekazwa kupita kiasi. Hakuna kipimo kingine. Ukiacha mapema nywele zinarudi polepole, kwa mwendo wa karibu sentimita moja kwa mwezi. Ukingoja miaka, shina linakufa, ngozi inabaki laini na kung'aa, na hapo hakuna mafuta ya kufufua wafu.

Kuhusu chakula ulichojipaka: mafuta ya nyonyo yanalainisha na kuzuia nywele zisikatike ovyo, ila hakuna aliyethibitisha kwamba yanaotesha. Mafuta ya nazi yamepimwa maabara na kuonekana yanaingia ndani ya unywele na kuukinga usichakae kwa kuoshwa. Nazi iko mbali nasi, lakini mafuta ya mise, yale ya kokwa la ndani la mchikichi wanayochemsha mama zetu, yana asidi kuu ileile. Kitunguu saumu acha. Kinaunguza ngozi kwelikweli, mpaka malengelenge. Majani ya mpera hayana ubaya. Yatakupa harufu ya mpera.

Kosa moja dogo la mvua nalikubali. Ukisukwa kichwa kikiwa kibichi kwa sababu umeme umekatika na saloni haina cha kukaushia, au ukinyeshewa ukafunga kitambaa juu ya rasta zilizolowa, ngozi inakaa na majimaji siku nzima. Fangasi wa mba hupenda joto, jasho na mafuta. Kinachofuata ni kuwasha na harufu, na wewe kwa hofu unamwagia mafuta zaidi, yaani unamkaribisha mezani. Kausha kwanza. Siku ya mvua, jirani akikuona umekaa jikoni karibu na makaa umetawanya nywele, mwambie Mama Kitana ndiye aliyeagiza.

*Mama, mke wangu anapika kichwani. Jumatatu mayai mawili, Jumatano avoka, Ijumaa maji ya mchele. Juzi yai limeiva kwenye nywele, tumelichambua na watoto mpaka usiku. Pia ameponda vidonge vya uzazi wa mpango akavichanganya na mafuta ya kupaka. Mimi nakula sombe bila kitu. — Papa wa Watoto Watano*

Papa, pole. Yai liliiva kwa sababu alisuuza kwa maji ya moto. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi kama 60. Mwenye kushikilia mayai asuuze kwa maji ya baridi, ingawa mimi ningeyakaanga.

Unywele ukishachomoza nje ya ngozi umekufa. Hauna mdomo. Kinachokula ni shina lililo chini ya ngozi, nalo linalishwa na damu, na njia ya kufika kwenye damu ni kinywa. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi, aliyezaa watano, anaweza kuwa na upungufu wa chuma mwilini, na nywele zikapungua kichwa kizima. Huyo hahitaji avoka utosini. Anahitaji kupimwa damu kwenye kituo cha afya, na maharagi, lengalenga na ndakala kwenye sahani. Sasa nikuulize wewe unayelalamika: pesa ya soko unayoacha asubuhi inatosha samaki, au inatosha sombe peke yake? Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Maji ya kitunguu anayotaka kujaribu wiki ijayo yana historia. Mwaka 2002 madaktari wa Iraki walichapisha majaribio yao: watu 23 waliokuwa na mabaka ya upara yanayozuka ghafla walipakwa maji ya kitunguu, na 20 waliota nywele ndani ya majuma sita. Ni mabaka hayo tu, ambayo hata bila dawa hupona yenyewe mara nyingi. Kwa nywele zinazopungua kidogokidogo kichwani kote, kitunguu kitawaliza wote nyumbani bure.

Vile vidonge ndivyo vinavyonitisha. Kidonge kilichopondwa kwenye mafuta hakioteshi nywele. Na kama ni vile alivyopaswa kumeza yeye, Papa wa Watoto Watano, badilisha jina la kutia sahihi. Miezi tisa haiko mbali.

*Tantini, mimi ni motari. Kofia ngumu imenimaliza nywele za utosi, nina miaka 29. Mtu sokoni ameniuzia mafuta ya kiboko kwa dola kumi, anasema mvua ikikolea ndiyo wakati yanafanya kazi. Nipake mara ngapi? — Kichwa Wazi*

Mwanangu, umewahi kumwona kiboko? Ana nywele?

Tena aliyekuuzia hakubuni kitu. Wamisri waliandika dawa ya upara kwenye mafunjo yanayoitwa ya Ebers, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo: mafuta ya simba, ya kiboko, ya mamba, ya paka, ya nyoka na ya mbuzi wa milimani, yachanganywe yapakwe. Ni miaka zaidi ya 3,500 ya majaribio, na wanaume bado wana vipara. Viboko ndio waliopungua. Miaka ya 1970 Hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Vita na ujangili viliwashusha hadi mia kadhaa. Kumuua kiboko humo ni kosa la jinai. Kama mafuta yako ni ya kweli umenunua kesi, na kama ni ya uongo umenunua mafuta ya nguruwe kwa dola kumi.

Kofia ngumu haina hatia. Nywele hazipumui hewa ya nje, zinaletewa kila kitu na damu. Upara unaoanzia utosini na pembe za paji kwa kijana ni urithi: homoni ya kiume hunyausha mashina yaliyozaliwa na udhaifu huo, na urithi huo unatoka kwa mama na kwa baba pia, kwa hiyo usimsumbue mjomba wako peke yake. Dawa iliyothibitika kupaka ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele hata wasikotaka, na mwaka 1988 Marekani iliruhusu ipakwe kichwani. Inafanya kazi kwa wengine, si kwa wote. Inataka miezi, na ukiacha zinaanguka tena. Piga hesabu ya mafuta ya pikipiki kwanza. Wembe wa kinyozi ni rahisi zaidi, na vichwa vilivyonyolewa vinapendeza, nasema hili nikiwa na akili timamu.

Kofia usiivue. Hakuna ninayemjua aliyekufa kwa kipara. Ila ile ya abiria, inayopita vichwa ishirini kwa siku na haijawahi kuona jua, ifute ndani na uianike.

*Mama Kitana, nina mtoto wa miezi minne, nywele zinatoka kwa mafungu. — Nimezaa*

Ni kawaida. Ujauzito ulizizuia zisianguke, sasa zinalipa deni. Kabla mtoto hajatimiza mwaka zitakuwa zimetulia. Homa kali hufanya hivyohivyo: unaugua malaria mwezi wa sita, unapona, nywele zinaanguka mwezi wa nane au wa tisa, na mvua inasingiziwa tena.

*Mwanangu wa darasa la tatu ana mviringo wa upara wenye magamba. Nipake petroli? — Mzazi*

Petroli ni ya motari wa juu. Hayo ni mapunye, fangasi, na huenda ameyatoa kwenye mashine ya kinyozi. Marhamu haifiki kwenye shina la unywele. Anahitaji vidonge, griseofulvini au kingine atakachoandikiwa, kwa majuma kadhaa bila kuruka. Wakague na ndugu zake.

*Mama, tulikimbia kutoka Djugu, tunakaa kwa ndugu hapa Bigo. Mtoto wangu wa miaka miwili nywele zake zimekuwa nyekundu, laini, ukizigusa zinatoka na halii. Miguu imenenepa. Watu wanasema ni baridi ya mvua, nimpake mawese. Nipake asubuhi au jioni? — Mama wa Mtoto*

Mama, hii siijibu kwa mzaha.

Nywele zikibadilika rangi na kung'oka bila maumivu, na miguu yote miwili ikavimba, huo si unene. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo, hesabu polepole mpaka tatu, uachie. Shimo likibaki, ni utapiamlo mkali, ule wengi huku wanauita bwaki. Mtoto wa hivyo anaweza kuonekana amejaa mashavu kumbe yuko hatarini. Anaweza kufa kwa maambukizi madogo tu, na usiku wa mvua ni mbaya kwake kwa sababu mwili wake haushiki joto.

Usipake chochote. Usimlazimishe sahani kubwa ya chakula ukidhani unafidia, maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kuzidiwa na chakula cha ghafla. Mfunike vizuri, endelea kumnyonyesha kama bado ananyonya, umpeleke kituo cha afya leo hii. Watamzungushia mkanda wa rangi kwenye mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Lakini mwenye kuvimba miguu yote miwili anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata mkanda ukisoma kijani, kwa hiyo waonyeshe miguu, wala wasikurudishe kwa sababu ya mkanda. Kuna maziwa maalumu na rojo la karanga lililotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa, na wanaowahi hupona. Nywele nyeusi zitaota zenyewe nyuma ya zile nyekundu.

Na nyinyi majirani wa Bigo mnaomwambia ampake mawese: mmoja wenu ana pikipiki. Mpakieni mama na mtoto, mvua ikinyesha mwazimeni turubai.