Misingi ya Mzigolojia: Uainishaji wa Maandalizi ya Safari ya Kwanza ya Ndege ya Masafa Marefu

Fungua daftari, mwanafunzi, na uzime simu. Wenzako wa vitivo vingine wanasoma sheria, tiba na uhandisi wa madaraja, mambo mazuri kwa wenye muda wa kupoteza. Sisi tumejitwisha swali zito zaidi: ni nini hasa hutokea ndani ya nyumba majuma matatu kabla ya mmoja wa wanafamilia kupanda ndege ya ng'ambo kwa mara ya kwanza? Taaluma inayolijibu inaitwa Mzigolojia. Ina matawi mawili. Mzigolojia Tuli huchunguza begi likiwa limelala sakafuni. Mzigolojia Mwendo huchunguza begi likikokotwa. Muhula huu tutabaki kwenye Tuli, kwa sababu Mwendo inahitaji magurudumu na bajeti ya idara haikuruhusu.

Kielelezo chetu cha maabara ni Msafiri M, binti wa Tabata, Dar es Salaam, anayekwenda kusoma Toronto kupitia Istanbul. Ni saa saba na ushei hewani mpaka Istanbul, kisha zaidi ya saa kumi nyingine kuvuka Atlantiki. Tiketi inampa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na begi dogo la mkononi. Andika tarakimu hizo kwa wino usiofutika. Falsafa yote ya mwanadamu ni jaribio la kukubali kwamba kilo 23 ni kilo 23.

1. Fasili

Mzigo: kitu kilichomo begini kwa hiari ya msafiri.

Mzigo-pachiko: kitu kilichomo begini kwa hiari ya mtu mwingine.

Mzigo-mzuka: kitu ambacho hakuna anayekiri kukiweka, lakini kikitolewa, mama mkubwa hununa siku mbili.

Kutokana na fasili hizi tunapata Nadharia Kuu, ambayo utaulizwa kwenye mtihani: msafiri wa mara ya kwanza hasafiri. Kinachosafiri ni ukoo. Yeye ni mfuko wa nje wa begi, ule wenye zipu mbovu.

2. Aina za Mzigo-pachiko

2.1 Pachiko Bayana. Huletwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na shangazi aliyevaa nguo ya kutokea. Tamko lake ni moja nchi nzima: "Mpelekee mdogo wangu, mwanangu, ni kidogo tu." Mzigolojia imekichukua Kidogo kama kipimo rasmi. Vidogo vinne hujaza begi, na cha tano hulikalia.

2.2 Pachiko Nyemelezi. Huingizwa usiku, begi likiwa limekwisha kufungwa. M alipokagua viatu vyake alfajiri moja alikuta ndani ya kile cha kushoto dagaa wa Kigoma, wamefungwa kwenye gazeti, gazeti kwenye khanga, khanga imekazwa kwa uzi wa kushonea magunia. Cha kulia kilikuwa na ubuyu. Chunguza ulinganifu huo, mwanafunzi: mpachikaji alijali mizania. Wataalamu wa daraja la chini wangemtafuta kwa kuuliza. Sisi tulinusa mikono ya bibi, naye akasema anaosha vyombo.

2.3 Pachiko la Maagizo. Huagizwa kwa simu na mtu aliyetangulia huko: mlenda mkavu, iriki, unga wa muhogo, mchele wa Kyela. Humo ndimo ulimo mwiko, na hapa naomba utulie, maana tumefika kwenye kitovu cha taaluma.

Mwiko wa kusongea ugali, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, mti mgumu, haupindiki. Je, ni chombo cha jikoni au ni silaha? Shule ya Kwanza inashikilia kwamba kitu huainishwa kwa kazi yake, na kazi ya mwiko ni kusonga. Shule ya Pili inajibu kwamba kila aliyelelewa na mama wa Kiafrika anajua mwiko una kazi mbili. Mimi niko na Shule ya Pili, kwa ushahidi wa mgongoni. Kwa hiyo mwiko uende kwenye begi kubwa, usipande na abiria. Lakini begi kubwa lina kimo chake na mwiko una wake, na mwiko haukunjwi. Unalazwa mshazari, kona hadi kona, na kuanzia hapo kila kitu kingine begini hujipanga kwa kuuheshimu.

3. Mizani

Kuna madhehebu matatu.

Wabebaji huwakilishwa na mjomba. Hunyanyua begi kwa mkono mmoja, hutazama dari, kisha hutoa hukumu: "Hii haifiki ishirini. Mimi nimebeba mahindi." Hukumu haina rufaa.

Wabucha hupeleka begi kwa mwenye mizani mtaani. Matokeo huwa sahihi, lakini begi hurudi na harufu.

Wabafuni ndio wanasayansi wa kweli. Njia yao: M anapanda juu ya mizani ya kupimia watu akiwa amekumbatia begi, kisha anapanda tena bila begi, wanatoa. Ugumu ni kwamba aliyekumbatia begi haoni tarakimu zilizo chini ya miguu yake. Kwa hiyo mdogo wake hulazwa kifudifudi, shavu sakafuni, asome kwa sauti. Jaribio la kwanza lilitoa kilo 27 na gramu kadhaa. La pili, mdogo mtu akiwa amechoka, likatoa 25. La tatu lilifutwa kwa kuwa bibi alikuwa ameshika mpini wa begi, kwa madai kwamba anamsaidia mtoto asianguke. Athari ya kando isiyoweza kuepukika ni kwamba uzito wa M mwenyewe sasa unajulikana mpaka kwa muuza genge.

Wanafunzi wazembe husahau uzito wa begi lenyewe. Begi gumu likiwa tupu hula kilo tatu au nne kabla hujatia hata soksi.

4. Hali za Maada

Mnamo Agosti 2006, baada ya polisi wa London kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, mizigo ya mkononi iliwekewa masharti mapya. Mpaka leo viwanja vingi vinadai kila kimiminika kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vienee kwenye kifuko angavu cha lita moja. Kifuko hicho ni cha plastiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vya zipu vya vipodozi vya wasafiri vikaachwa, kwa matarajio kwamba mwenyewe atabaki navyo wala havitatupwa nchini. Mzigolojia inakiita kifuko hicho Raia wa Kudumu wa Begi.

Swali gumu ni samli. Mama wa M aliiweka kwenye chupa ya jamu, nusu lita. Dar es Salaam samli hiyo hutikisika ukiitikisa, basi ni kimiminika. Ingelikuwa Njombe mwezi Julai, ungeichota kwa kisu, basi ni yabisi. Je, maada ihukumiwe kwa asili yake au kwa wilaya yake? Nimetumia miaka mingi kuandaa hoja ya wilaya. Kwa bahati mbaya, kwa afisa wa ukaguzi kila kinachopakazika, kinachotiririka au kinachominywa ni kimiminika: samli, siagi ya karanga, asali ya Tabora, achari, dawa ya meno. Samli iende begi kubwa, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, mbali na vyeti. Betri ya akiba ya simu hufuata kanuni iliyo kinyume: hiyo hukaa na abiria, haiendi chini. Samli chini, betri juu. Kariri.

Nyama usibebe. Dagaa na vyakula vingine vyote utavitaja kwa afisa wa forodha wa Kanada bila kuulizwa mara mbili.

5. Mzigo-vazi

Koti la baridi la M lilinunuliwa Karume, Ilala, kwenye belo lililokuwa limefunguliwa asubuhi hiyo. Mfukoni alikuta risiti ya mgahawa wa kahawa, wino umefifia, lakini neno Ontario linasomeka. Koti hilo lilikuja kwa meli na linarudi kwa ndege. Tunaliita Koti Rejeshi. Nawaomba wachumi walitafakari kimya kimya, wasije wakaunda kodi.

Mgogoro wa kinadharia ni huu: shirika la ndege hupima begi, halimpimi mtu. Koti likiwa begini ni kilo mbili. Likivaliwa, ni mtu. Basi M akashauriwa alivae, na ndani yake sweta, na ndani ya sweta blauzi mbili, na mifukoni iriki na pilipili manga, na yote hayo katika joto la Dar es Salaam. Akisimama, anachakachika. Akipita, pilau linakumbukwa. Kisayansi M hana mzigo wa ziada; amenenepa tu, tena ghafla.

6. Tofautisiku

Hapa ndipo ndege hukoswa, kwa hiyo nitasema polepole. Tiketi ya M inasema: Alhamisi, 03:40. Familia ikageuza vizuri kabisa: saa tisa na dakika arobaini usiku. Hesabu haina kosa. Kosa liko pale Alhamisi inapoanzia. Kwa kompyuta ya shirika la ndege, siku huanza saa sita kamili usiku. Kwa ukoo, saa tisa ile ni mali ya jioni iliyotangulia: ni usiku wa kuamkia Alhamisi. Anayeisoma tiketi hiyo kama "Alhamisi usiku" atapika pilau la kuagana Alhamisi jioni, atakodi viti, atamwalika shehe na mchungaji kwa tahadhari, na saa mbili usiku, sahani zikipakuliwa, kiti cha M kitakuwa juu ya Atlantiki, kitupu.

Tiba ni kubandika ukutani karatasi isiyo na tarakimu za kizungu: "Tunatoka Jumatano baada ya taarifa ya habari." Abiria anatakiwa kufika saa tatu kabla, yaani saa sita na dakika arobaini usiku, pale Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019. Istanbul haitamsumbua, kwa kuwa saa yake na ya Dar ni moja. Toronto iko nyuma kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na nane wakati wa baridi, na shangazi atapiga simu bila kujali msimu.

7. Washauri

Sitawapa nafasi kubwa, wameshajipa wenyewe. Yuko Mshauri Mkongwe, aliyesafiri mara moja, 1994, na anashikilia kwamba abiria hubeba mkate wake. Yuko Mshauri Pokezi, ambaye binamu yake amesafiri. Yuko Mshauri Video, kijana anayezijua siti zote za ndege zote na hajawahi kutoka Temeke. Yupo pia anayesisitiza kadi ya homa ya manjano. Kanada haiulizi kadi hiyo, lakini mama mkubwa anaiuliza, na hoja ikaishia hapo. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo M ataulizwa maisha yote.

Mshauri pekee aliyesema la maana ni babu, ambaye hajapanda ndege. Alisema: kunywa maji na unyooshe miguu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20, na kukaa bila kusogea kwa saa nyingi huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Babu hakueleza sababu. Alisema ndivyo walivyofanya kwenye treni ya Kigoma.

8. Dokezo la Mwinuko

Ndege ikiwa mita 11,000 juu, hewa ya ndani hushindiliwa ifanane na ya mwinuko usiozidi mita 2,400. Mbeya mjini iko kama mita 1,700. Hivyo M, kitaaluma, hatakuwa angani. Atakuwa mahali fulani njiani kati ya Mbeya na Kitulo, ameketi, saa kumi na nane, na koti limemwelemea. Masikio yataziba, ameze mate. Ulimi nao hupungukiwa ladha huko juu, ndiyo maana asilaumu mpishi wa ndege kabla hajatua.

Kazi ya nyumbani. Wiki ijayo kila mwanafunzi aje na begi lililofungwa, pamoja na mizani ya kwao. Atakayekuja na mizani ya kuazima aambatanishe maelezo ya maandishi: jirani aliyemwazima ameomba apelekewe nini, kwa nani, na ni Vidogo vingapi.