Chagua Mahali pa Kukosea

Vitabu vya gofu vina ucheshi ambao waandishi wake hawakuukusudia. Vinakutembeza uwanjani shimo kwa shimo, tangu la 1 hadi la 18, na kila shimo lina agizo lake: hapa lenga kushoto kwa ule mti mkubwa, hapa jiachie mita 120 za kumalizia, pale kikwepe kidimbwi. Ushauri wenyewe hauna kasoro. Tatizo ni kwamba wote umesimama juu ya jambo ambalo halijatokea Jumamosi yoyote asubuhi, kwamba mpira utakwenda ulikotumwa. Mkazi wa Kitengela anayeipita Athi River, akaingia Barabara ya Mombasa, akakata Southern Bypass hadi Karen ili acheze chini ya miti na juu ya nyasi zilizonyolewa, hufika akiwa amekariri maagizo 18. Kufikia shimo la 3 hana hata moja lililotimia, na mipira miwili iko vichakani. Hoja yangu ni kwamba mikakati 18 haimsaidii. Mmoja unamtosha, na aliuacha nyumbani: kabla ya kupiga, aamue atakosea upande gani.

Kwamba aliuacha nyumbani si maneno ya kumpamba. Tazama watu wa Kitengela wanavyoishi. Tangi la maji hununuliwa kabla ya kochi, kwa sababu mfereji una siku zake na boza lina bei yake. Ploti hufanyiwa sachi, kisha mtu akatumwa kimyakimya kuuliza majirani kama mto wa msimu hupita hapo mvua zikikolea. Mwezi wa Aprili mtu huvaa gambuti kutoka mlangoni hadi stegi, kwenye ule udongo mweusi unaong'ang'ania mguu, na viatu vya ofisini vimo ndani ya mfuko. Hakuna anayemwita mtu huyo mwoga. Sasa mpandishe kwenye tii ya shimo la kwanza, watu wanne wakimwangalia kutoka kwenye baraza ya klabu. Aliyepima hatari ya kila kitu tangu alfajiri anachomoa fimbo ndefu kuliko zote mkobani na kulenga katikati ya miti miwili, mahali ambapo hata kuku angepita kwa kujibana.

Wanaoishi kwa mchezo huu wenyewe hawajiamini kiasi hicho. Kwenye mashindano ya kulipwa ya Marekani, mpira ukiwa kama mita 2 na nusu kutoka shimoni, mabingwa hufaulu nusu ya majaribio tu. Wakipiga kutoka mita 137 hivi, juu ya nyasi fupi, kwa wastani mpira hutua mita 7 au 8 kutoka bendera. Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye makocha na watu wa kuwabebea mikoba. Mchezaji wa mwishoni mwa wiki, ambaye mazoezi yake ni kuzungusha mwavuli akisubiri matatu, anapolenga bendera iliyobandikwa hatua 4 kutoka ukingo wa banka, anajidai kufanya lile ambalo bingwa mwenyewe halitegemei. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kulikosa. Lawama ni kulikosa upande wenye mchanga wakati upande wa pili ulikuwa mtupu.

Uwanja wa miti na nyasi una tabia moja ambayo vitabu huisema haraka haraka. Nyasi za viwanja vyetu vya nyanda za juu mara nyingi ni kikuyu, nyasi ya asili ya hapa Afrika Mashariki iliyosafiri hadi Australia, Afrika Kusini na Marekani. Uwanja wa Riviera jijini Los Angeles ni maarufu kwa ajili yake. Ikikatwa fupi ni ukarimu mtupu: mpira hukaa juu kana kwamba umewekewa kiti. Ikiachwa ikarefuka, hubadilika kuwa nyavu. Mpira huzama, na fimbo ikishuka huzongwa shingoni, ikageuka mkononi na kuurusha mpira kushoto kwa hasira. Hapo ndipo mchezaji anayejiheshimu hufanya kosa la pili ili kulifuta la kwanza. Anaona bendera kwa mbali, anaona tundu kati ya matawi, anakumbuka msemo wa wachezaji kwamba mti ni hewa asilimia 90. Huenda. Hata ua la miiba la boma la Kimaasai lina hewa nyingi kuliko miiba, na ng'ombe hatoki. Fimbo ya kuchukua hapo ni ile fupi yenye uso ulioinama, na safari ni mita 30 za pembeni kurudi kwenye nyasi fupi. Ni pigo lisilo na picha ya kumtumia mtu kwa simu. Lakini ni pigo moja, na yale ya kupenya matundu huja matatu matatu.

Shimo linalopinda ndilo hukamata watu wengi zaidi, kwa kuwa kona huwatia hamu ya njia ya mkato. Tuseme linapinda kulia, na kwenye kiwiko chake pamesimama miti mirefu. Akiivuka miti ataokoa mita 40. Asipoivuka, kuna dakika 3 za kuutafuta mpira, kwa mujibu wa kanuni za tangu 2019. Zamani zilikuwa 5. Nani aliwahi kupata kitu chochote kwa dakika 3? Zikiisha, anarudi alikopigia na adhabu ya pigo moja juu yake, huku kundi la nyuma likiwa limesimama mikono kiunoni. Mkato wa mita 40 umegeuka matembezi ya mita 400. Mkakati wangu hapo ni mkavu: lenga upande wa nje wa kona, ule mpana. Ukipiga vizuri, utakuwa mbali kidogo na shimo lakini unaliona. Ukipiga vibaya, utakuwa mbali zaidi na bado unaliona. Kulia ndiko pekee kusiko na kesho, kwa hiyo kulia ndiko pekee unakojinyima.

Pingamizi la kwanza lina uzito, nalo linatoka kwa profesa. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alikusanya takwimu za mapigo mengi sana ya wachezaji wa kulipwa na wa kawaida, akazieleza katika kitabu alichotoa 2014. Alionyesha kwamba kinachowatenga wazuri na wabaya kwa sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ni mapigo ya mbali. Kutia mpira shimoni kuna mchango mdogo kuliko tulivyodhani. Basi, husema wenye mabega mapana, tupige kwa nguvu, sayansi imeturuhusu. Sayansi haijaruhusu hivyo. Urefu una faida ikiwa mpira utapatikana. Mpira ulio kwenye nyasi ndefu hugharimu sehemu ya pigo. Uliotoka nje ya mipaka hugharimu takribani mapigo mawili, pamoja na heshima. Simwambii mtu apige mfupi. Namwambia ajue mtawanyiko wake, jinsi mipira yake 10 inavyoenea kushoto na kulia siku ya kawaida, kisha auweke mtawanyiko wote mahali panapochezeka. Ikiwa fimbo ndefu inatosha humo, aipige kwa moyo mweupe.

Katika hesabu hiyo aongeze hewa. Karen iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kwenye hewa nyepesi namna hiyo mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 7 hivi, pengine 10. Vitabu vingi viliandikwa na watu wanaocheza karibu na usawa wa bahari. Anayefuata jedwali lao kwenye shimo fupi la mita 150 hupiga pigo safi kuliko yote ya siku hiyo, akaganda na fimbo begani apate kusifiwa, na mpira ukaipita grini nzima kwenda kulala nyuma, palipopandwa maua. Mashimo mafupi yenye maji mbele yana dhihaka yake pia: watu huogopa maji hivi kwamba hubeba mpira wa zamani, kama wa kutoa sadaka. Aliyekwisha kuandaa mpira wa kupoteza anajua fika kwamba atakosea. Amepanga gharama ya kosa na kusahau kupanga mahali pake, na kwa kawaida mahali papo, nchi kavu, upande wa pili wa bendera.

Wengine husema kwamba kulipangia kosa ni kuliita. Ni imani ya kale, na Kitengela ina jibu lake. Richard Turere alikuwa mvulana wa miaka 11 hivi, akichunga ng'ombe wa babake kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako simba huvuka usiku kutafuta kitoweo. Alijaribu moto, ikawa anawamulikia njia. Akaweka sanamu ya kuogofya. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma, wa pili wakaizoea. Ndipo akagundua kwamba wanahofia mwanga unaotembea, akaunganisha betri ya zamani, paneli ya jua na taa za kumetameta, na 2013 akalisimulia jambo hilo kwenye jukwaa la TED. Mpango wake wote ulianza na dhana kwamba simba watakuja, leo na kesho. Kuwaandalia taa hakukuwaita. Wenzetu wa Jinja, Uganda, nao walikuwa na kanuni ya uwanja iliyomruhusu mchezaji kuinua bila adhabu mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Kamati iliyoandika hivyo haikuwa ikikaribisha viboko kwenye mashindano.

Kuna watakaosema haya ni mazungumzo ya matajiri wa Karen, na Kajiado, kaunti ya Kitengela, haina haja nayo. Kaunti hii ina gofu yake, tena ya kale ya namna yake, kule Magadi, mwisho wa reli ile inayotoka Konza na kupita Kajiado mjini kwenda kuchukua magadi. Klabu ya michezo ya mji huo wa kampuni ina uwanja wa mashimo 9 katika joto la Bonde la Ufa. Nyasi za kusifia hakuna. Ardhi ni ngumu, mpira ukitua hudunda uendako wenyewe, na badala ya grini kuna mchanga uliosawazishwa. Ningependa kila mwandishi wa maagizo 18 apelekwe huko wiki moja. Mchezaji wa Magadi hawezi kujidanganya kwamba anautawala mpira; kazi yake ni kuuelekeza upande ambao kudunda kwake hakutamuumiza. Mhamishie Karen na nina hakika atapunguza mapigo, angalau mpaka azoee nyasi na kuanza kiburi kama wengine.

Limebaki pingamizi la ushairi: Seve Ballesteros. Mhispania huyu, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, mwaka uliofuata alishinda The Open kule Royal Lytham baada ya mpira wake kwenye shimo la 16 kutua penye maegesho ya magari, na bado akalimaliza shimo kwa mapigo 3. Huo ndio mchezo, wananiambia, si uhasibu wako. Nakubali ulikuwa utamu. Ila Seve mwenyewe alishikilia baadaye kwamba kulia ndiko alikokusudia, kwa kuwa upepo ulivuma huko na nyasi zilikuwa zimekanyagwa. Akiaminiwa, alichagua mahali pa kukosea kuliko wote, akachagua hata maegesho.

Ushahidi wa mwisho ni wa shimo la mwisho. Julai 1999, kwenye The Open ya Carnoustie, Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la 18 akiongoza kwa mapigo 3. Shimo lilikuwa la mapigo 4. Yeye 6 yalimtosha kuwa bingwa. Alitoa fimbo ndefu kuliko zote, mpira ukaenda kulia. Akajaribu kuifikia grini kwa pigo la pili, likagonga jukwaa la watazamaji na kurudi kwenye nyasi ndefu. La tatu likatumbukia kijitoni. Alivua viatu na soksi, akaingia majini mbele ya dunia nzima, akautazama mpira ukizama, akabadili nia. Alimaliza kwa 7, na kwenye mashimo ya marudiano taji likachukuliwa na Paul Lawrie, aliyeanza siku hiyo akiwa nyuma kwa mapigo 10. Miezi kadhaa baadaye Van de Velde alirudishwa kwenye shimo lile lile kurekodi tangazo, akaambiwa alicheze lote kwa fimbo ya kusukumia kwenye grini tu, ile fupi isiyoweza kuuinua mpira. Akaubiringisha kutoka tii hadi shimoni. Jaribio la tatu alimaliza kwa mapigo 6.