Faili Lina Jina

Wateja wangu hawakosi majina ya kuzipa faili zao. Nililetewa kibandani flashi moja ikiwa na "setup", "setup mpya", "setup mpya kabisa" na "usifute hii". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba kirusi.

Ndiyo maana fundi anayejiheshimu haulizi jina. Faili unalipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256, ambayo inameza kila baiti na kutema mstari wa herufi na tarakimu 64, yaani heshi. Gusa kitu kidogo tu ndani ya faili, mstari wote unageuka. Libadilishe jina uliite hata "ugali", mstari hautikisiki. Wamarekani, kupitia taasisi yao ya viwango, NIST, wanatunza hazina kubwa ya heshi za faili za programu zinazofahamika, ili mpelelezi akikamata kompyuta aziweke kando hizo na kuhangaika na zilizobaki. Ila kujulikana si wema. Hazina hiyo ina hata zana za wadukuzi. Mwizi wa kuku naye anajulikana mtaa mzima.

Haya nilimweleza shemeji yangu wa Korogwe kwa simu, siku aliyokuwa akipakua programu ya printa bando likamkatikia njiani. Faili analiona, akilibofya halisemi kitu.

"Na hiyo heshi si mtu anaweza kuighushi?" akauliza.

Swali zuri kuliko alivyodhani. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, wakawaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa nyuma, na heshi iliyoandikwa pale ya kulinganishia nayo wakaibadilisha. Aliyelinganisha kwa uangalifu alikuta kila kitu kiko sawasawa.

Hata hivyo nikamwambia alipime faili lake: afungue lile dirisha la buluu la amri, PowerShell, aandike Get-FileHash, nafasi, kisha jina la faili. Kile kistari cha katikati peke yake kilikula salio la kutosha. Hatimaye akaanza kusoma.

"E ya embe. Tatu. B ya bamia. Sifuri. C ya... C ya chai."

"Chai inaanza na CH, shemeji."

"H nimeitoa. Nne, nne, mbili."

Hapo nikamkatiza. Mstari unaoanza E3B0C442 fundi yeyote aliyeizoea kazi hii anaujua: ni heshi ya faili tupu. Faili zote tupu duniani, za Korogwe na za California, zina heshi hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna cha kuzitofautisha.

"Shemeji, acha kusoma. Faili hilo halina kitu."

"Lina jina!"

"Jina lipo. Ndani ni baiti sifuri. Nunua bando, upakue upya."

"Ngoja kwanza, usinichanganye, nitapoteza mstari. Tisa, nane, F ya fenesi, C ya chai ile ile..."

Mteja akaingia, nikamuuzia chaja, nikamrudishia chenji. Nikaiweka simu sikioni tena.

"...B ya bamia, nane, tano, tano. Zimetimia sitini na nne, nimezihesabu. Sasa nibofye?"