Moto wa Kabatini

Mama mkwe alikuja Dar es Salaam kutoka Pangani kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulimpa chumba cha watoto kwa sababu kiko karibu na maliwato, na watoto wakahamia sebuleni, wakawa wanalala mkekani mbele ya kabati la vyombo. Kabati lenyewe ni la mninga, milango yake ya vioo. Juu mna vikombe vya harusi visivyotumika, katikati amplifaya ya mume wangu na picha za wazee, na pembeni ya amplifaya, limesimamishwa wima, boksi la albamu ya bendi ya Pink Floyd iitwayo Pulse.

Boksi hilo lina taa. Wengi walioliona madukani Ulaya mwaka 1995 wanalikumbuka kwa hilo tu, kwamba ubavuni pake kumechomekwa kitaa chekundu kinachowaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, karibu na mwendo wa moyo wa mtu aliyetulia, na kinachokiendesha ni betri ya AA, ile ya kawaida ya rimoti. Mbunifu wa majalada ya bendi hiyo, Storm Thorgerson, alitaka boksi lenyewe liwe na uhai, maana muziki uliomo ulipigwa mbele za watu, ukumbini, si chumbani kwa mafundi. Shemeji yangu mkubwa, aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi, alilinunua lilipotoka, akalitunza, na aliporudi Tanga moja kwa moja akampa mdogo wake. Lilipotufikia taa ilikuwa imekufa zamani. Mume wangu alifungua, akasugua kutu kwa msasa mwembamba, akatia betri mpya. Taa ikafufuka. Akaligeuza boksi ili taa itazame sebuleni, na kila akitoka kazini alikuwa analitupia jicho kabla hajavua viatu.

Mchana ile taa huioni sana. Usiku, umeme ukiwepo, taa ya barazani inaifunika. Basi usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima.

Mama aliamka kabla ya alfajiri kama kawaida yake, akachukua ndoo yake ya maji ya kutawadha. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa bandeji. Alipopita sebuleni, kwa lile jicho lililobaki, aliona kitu chekundu kinapumua nyuma ya kioo, juu kidogo ya vichwa vya wajukuu zake. Mama huyu amekulia kwenye nyumba za makuti, na anajua kaa moja likipenya kwenye paa wanaamka watu wa mtaa mzima hawana pa kulala. Hakupiga kelele. Alifungua mlango wa kabati, akainua ndoo, akamwaga maji yote.

Kelele zilitoka kwa watoto. Mume wangu alitoka mbio, tochi ya simu mkononi, mimi nyuma yake nikijifunga khanga.

"Mama, kuna nini?"

"Moto, mwanangu. Nimeuzima."

Nyuma yake, katikati ya kabati linalochuruzika maji, kitaa kikaendelea kuwaka na kuzimika kana kwamba hakijaguswa. Mama akageuka, akakiona. "Bado haujafa!" akasema, akaenda kutafuta kopo.

Ilichukua muda kumweleza. Mume wangu alimkalisha kitini, akamletea boksi, akamshika kidole kwa upole na kukiweka juu ya taa ili ahisi kwamba haina joto. Mama aliligusa, akalinusa, akauliza kwa nini mtu mzima aweke ndani ya nyumba kitu kinachofanana na moto. Sikuona la kujibu, na mpaka leo naamini alitenda sawasawa. Mwenye kuona moto juu ya vichwa vya watoto na akaanza kuuliza maswali kwanza, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Kulipopambazuka tukahesabu hasara. Picha ya nikahi ya wazazi wangu ilikuwa imeanza kuvimba. Niliibandua kwenye fremu ikiwa bado mbichi, nikailaza uso juu kivulini. Kijitabu cha picha kinachokuja na albamu kilishikana, nikakiachanisha ukurasa mmoja mmoja na kunyunyiza poda kila nilipopita. Sahani mbili za CD hazikuwa na neno. Maji hayaziui, kinachoziua ni kuzipangusa kwa kuzungusha. Unafuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari mnyoofu, na mkwaruzo ukitokea hauwezi kula sehemu ndefu ya wimbo.

Amplifaya ndiyo iliyotuumiza. Fundi alishukuru kwamba umeme haukuwepo na kwamba hakuna aliyejaribu kuiwasha. Alisema maji yenyewe si kitu, ila haya yetu ya kisima yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya bodi hubaki ikitafuna shaba polepole. Akaifungua, akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akaiacha wazi juani, akabadilisha kitasa cha sauti. Ilikaa kwake siku nyingi kuliko alizoahidi.

Wakati huo wote nyumba ilikuwa na ubishi. Shemeji yangu mdogo, ambaye hukodiwa kupiga muziki harusini, alishangaa tunasumbukia nini. Nyimbo hizo zote zimo kwenye simu, alisema, na zile za studio ndizo safi. The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 ilitengenezwa kwenye studio za Abbey Road, kila sauti imepimwa. Kuna haja gani ya kusikiliza wazee walewale wakiirudia miaka ishirini na moja baadaye, watu wakipiga miluzi juu yake?

Mume wangu hakuwa na moyo wa kubishana, basi nilibishana mimi. Nimelelewa na taarabu. Ukoo wetu haukuona ajabu kibao kimoja kuchukua robo saa, vinanda vikitangulia peke yao hadi ukumbi utulie, ndipo mwimbaji ainuke. Mtu aliyelelewa hivyo hababaishwi na roki ya progresivu. Pulse inafunguliwa kwa Shine On You Crazy Diamond, kibao cha zaidi ya dakika 13, na kwa muda mrefu hakuna anayeimba. Ni kinanda cha Richard Wright kimetandaza, na gitaa la David Gilmour linadondosha sauti moja moja. Kibao kile kilitungwa kwa ajili ya Syd Barrett, mwanzilishi wa bendi aliyetoka mwaka 1968 akili yake ikiwa imeshachoka. Kinachofuata ni Astronomy Domine, alichokitunga Barrett mwenyewe siku zao za mwanzo. Kwanza wanamlilia, kisha wanapiga wimbo wake. Mpangilio huo huupati kwenye albamu yao yoyote ya studio.

Tena kuna hili, na ndilo nililomshikia shemeji. Albamu ile ya 1973 ilijengwa kipande kwa kipande. Saa zinazolia mwanzoni mwa Time, sarafu za Money, mapigo ya moyo yanayofungua na kufunga, vyote viliunganishwa kwa tepu zilizokatwa na kugundishwa. Kuipiga yote jukwaani, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kazi nyingine. Pink Floyd walikuwa hawajaifanya tangu 1975. Roger Waters, aliyeandika maneno yake, aliondoka mwaka 1985 na hakuwepo. Waliobaki, Gilmour, Wright na mpiga ngoma Nick Mason, waliirudia katika ziara ya 1994, na Dick Parry, aliyepiga saksofoni kwenye ile ya studio, akaja tena na saksofoni yake. Wao na wasaidizi wao hawakuwa na mkasi wa kukata palipoharibika wakiwa mbele ya watu. Baadaye, kwa ajili ya Pulse, Gilmour na mtayarishaji James Guthrie walichagua kutoka maonyesho ya miji kadhaa ya Ulaya, London ikiwemo, lakini kila unachokisikia kilipigwa mbele ya umati.

Mama alikuwa anasikiliza ubishi huu huku akichambua mchele. Nikamhadithia na kisa cha Earls Court. Bendi ilipangiwa maonyesho 14 katika ukumbi huo wa London, Oktoba 1994. Usiku wa kwanza, tarehe 12, jukwaa la watazamaji lenye nafasi za watu wapatao 1,200 liliporomoka onyesho likiwa ndiyo kwanza linaanza. Watu waliumia, baadhi wakapelekwa hospitali, lakini hakufa hata mmoja. Onyesho likaahirishwa.

"Wakaenda zao?" mama akauliza.

"Wakarudi kesho yake wakapiga, mama. Na waliokosa usiku ule wakapewa siku nyingine, tarehe 17."

Akatikisa kichwa, akaendelea na mchele. Jioni ileile alimwambia mwanawe kwamba amplifaya ikirudi, yeye ndiye wa kwanza kusikiliza, kwa sababu hawezi kukimwagia maji kitu asichokijua na kisha akaondoka bila kukijua.

Ilirudi Jumamosi. Mume wangu aliunganisha nyaya mwenyewe, akamweka mama kwenye kiti cha kati, spika huku na huku, akatia sahani ya pili, ambayo ndiyo yenye Dark Side nzima. Yalianza mapigo ya moyo. Mama akatazama kabati, akatazama taa, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Zilipolia zile saa zote kwa pamoja alishtuka akashika bandeji, na watoto wakacheka, naye akawanyamazisha kwa mkono.

Kisha ikafika The Great Gig in the Sky. Kibao hiki Wright alikitunga kikiwa juu ya mauti, na sauti ya kike inayokibeba haitamki wimbo wa maneno. Inalia tu, inapanda na kushuka. Studioni aliiimba Clare Torry peke yake. Kwenye Pulse wameigawana wanawake watatu: Sam Brown anaanza, Durga McBroom anapokea, Claudia Fontaine anamalizia. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Katikati akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeingia nyumba ya watu:

"Nani amefiwa?"

Mume wangu akamwambia kwamba wimbo unahusu kifo, kila mtu na chake. Akamwambia pia kwamba mzee anayepiga kinanda kile, yeye mwenyewe alifariki mwaka 2008.

"Warudie hao wanawake," mama akasema. Wakarudiwa. "Huyu wa kwanza anakataa. Mwenzake anambembeleza. Wa mwisho ameshakubali."

Nimesoma mengi juu ya albamu hii na sijakutana na maelezo yaliyonitosheleza kama hayo. Yanaonyesha pia kwa nini kugawana sauti kunazaa kitu ambacho mwimbaji mmoja, hata awe hodari kama Torry, hawezi kukifanya. Torry alilia kilio kimoja kizima. Hawa watatu wanapokezana msiba, na umati unasikika ukipumua unapowashangilia mwishoni. Miluzi ile aliyoilalamikia shemeji ni sehemu ya muziki. Bila yake hujui kwamba kulikuwa na mtu wa kulizwa.

Shemeji mwenyewe alikuja tukiwa kwenye Comfortably Numb, akasimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi. Gitaa la mwishoni mwa kibao hicho ni refu kuliko la studio, na Gilmour haliharakishi. Anapanda ngazi, anakaa, anapanda tena, wakati ungedhani ameshafika juu. Shemeji aliketi kwenye mkono wa kiti hadi likaisha. Bado anashikilia kwamba Time ya studio ndiyo bora, na juu ya hilo sina ugomvi naye. Ila aliziazima zile sahani kwetu na imetubidi kuzidai.

Usiku ule mume wangu alitaka kutoa betri ili mama asisumbuke. Mama alikataa. Alisema ameshaijua, si moto, na inamsaidia kuona pa kupita umeme ukikatika. Tulichofanya ni kuhamisha vichwa vya watoto upande wa pili, mbali na kabati, na ndoo ya kutawadha ikapewa mahali pake maliwatoni.

Onyesho la tarehe 29 Oktoba 1994 pale Earls Court ndilo lililofunga ziara ile, na Pink Floyd hawakufanya ziara nyingine tena. Ukumbi wenyewe umeshabomolewa. Kwa hiyo nawaomba walio na boksi hili wasiliache lioze stoo: badilisheni betri kabla haijavuja, maana ikivuja inakula waya na karatasi pamoja. Na asiyekuwa nalo asianze kwa kuokota kibao kimoja kimoja simuni. Aanze na sahani ya pili, aisikilize tangu mapigo ya mwanzo hadi ya mwisho, asiruke hata kimoja, kwa sababu vimeshikana. Aliyekata katikati hajaisikia.